James Wilson, mwandishi wa Katiba aliyekufa akiwakimbia wadai

Agosti 1798, katika nyumba ya wageni ya Edenton, mji mdogo wa bandari huko North Carolina, mwanamume wa miaka 55 alilala kitandani bila nguvu. Malaria ilikuwa imemla wiki kadhaa, akapata nafuu kidogo, kisha kiharusi kikamwangusha. Mkewe kijana, Hannah, ndiye aliyemuuguza. Tarehe 21 akakata roho. Marehemu alikuwa Jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, bado yumo kazini, hajajiuzulu wala hajaondolewa. Alikuwa pia mtoro. Alikwenda kusini kuwakimbia watu waliokuwa wakimdai, na hata huko walimfuata wakamtia ndani.

Wasomaji wengi wa Kiswahili wanamjua George Washington, wanamjua Thomas Jefferson, pengine na Benjamin Franklin. James Wilson hawamjui, na kosa si lao, maana hata Wamarekani wengi hawamjui. Sura yake haimo kwenye noti zao. Hata hivyo ni mmoja wa watu 6 tu waliotia saini Azimio la Uhuru la 1776 na pia Katiba ya 1787. Ukitaka kujua kwa nini Marekani ina rais mmoja mwenye nguvu, na kwa nini rais huyo huchaguliwa kwa hesabu ile ya wajumbe inayotufanya tukeshe mbele ya televisheni kila baada ya miaka 4, huna budi kupita mlangoni kwa Wilson.

Wanaosimulia habari zake hupenda kuyakata maisha yake vipande viwili: huku mwanasheria mwenye akili kubwa, kule mlanguzi wa ardhi mwenye tamaa, kana kwamba ni watu wawili walioazimana koti. Mimi namwona mtu mmoja mwenye tabia moja. Wilson aliiamini kesho kuliko alivyoitazama leo. Aliwaamini watu ambao walikuwa hawajafika bado; akakopa fedha kununua ardhi ambayo wao wangekuja kuinunua kwake, na akaandika katiba ambayo wao wangekuja kuwa wenyewe wake. Waliokwisha kuwapo, wenye njaa, waliofungwa minyororo, waliozaliwa juu ya ardhi hiyo hiyo, hao aliwapita.

Alizaliwa 14 Septemba 1742 katika shamba la Carskerdo, eneo la Fife, Scotland. Wazazi wake walikuwa wakulima wa dhehebu la Presbiteri, na walitaka mtoto wao awe mchungaji. Alipata ufadhili akaingia Chuo Kikuu cha St Andrews akiwa kijana wa miaka 15. Uchungaji haukuwa. Mwaka 1765 alivuka bahari kwenda makoloni ya Amerika, akafundisha Kilatini katika chuo cha Philadelphia, kisha akajifunza uwakili chini ya John Dickinson, mmoja wa mawakili waliosikika sana wakati huo. Mwaka 1767 akaruhusiwa kusimama mahakamani. Alifungua ofisi Reading, huko Pennsylvania, baadaye akahamia Carlisle katika koloni hilo hilo, katikati ya walowezi wenye asili ya Scotland na Ireland.

Sehemu ile ya nchi ilikuwa na kesi nyingi za ardhi: mpaka umepita wapi, hati ya nani ilitangulia, nani alifyeka pori la nani. Wilson alijifunza mambo mawili kwa mpigo mmoja. La kwanza ni sheria. La pili ni kwamba pori linalonunuliwa leo kwa bei ya kutupa, wahamiaji wakifika litauzwa kwa fedha ya kueleweka. Akaanza kununua, na kwa kuwa hakuwa na fedha, alinunua kwa mkopo. Wahenga wetu walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Harusi ya Wilson ilidumu karibu miaka 30.

Kisiasa jina lake lilitokea mwaka 1774, alipochapisha kijitabu alichokuwa amekiandika miaka 6 nyuma. Hoja yake ilikuwa kwamba Bunge la Uingereza halina mamlaka yoyote juu ya makoloni, kwa sababu binadamu wote wameumbwa huru na sawa, na hakuna serikali halali bila ridhaa ya wanaotawaliwa. Mwaka 1768, alipokuwa akiandika hayo, wengi wa viongozi wa makoloni walikuwa wanabishana juu ya kodi ipi ni halali na ipi si halali. Yeye alikwenda kwenye shina.

Lakini ilipofika Juni 1776, mwenye hoja hiyo kali aliomba subira. Wajumbe wa Pennsylvania katika Kongresi, bunge la pamoja la makoloni, walikuwa wamepewa maagizo wasiunge mkono uhuru, na Wilson alitaka kwanza kujua waliomtuma wanasemaje. Wapo wanaomlaumu kwa woga. Sikubaliani nao: aliyeandika kwamba ridhaa ndiyo msingi wa utawala alikuwa na haki ya kuitafuta ridhaa hiyo. Tarehe 2 Julai alipiga kura ya ndiyo pamoja na wajumbe wenzake Franklin na John Morton. Mwalimu wake Dickinson hakushiriki, wala tajiri Robert Morris. Pennsylvania ikaingia upande wa uhuru kwa kura 3, na moja ya hizo ni ya Wilson.

Miaka mitatu baadaye, wananchi wa Philadelphia walikuja mlangoni kwake na bunduki.

Tukio hilo linaitwa Ngome ya Wilson, ingawa haikuwa ngome bali nyumba yake ya kuishi kwenye kona ya mtaa wa Third na mtaa wa Walnut. Fedha ya karatasi iliyochapishwa na Kongresi ilikuwa imeporomoka thamani, bei ya unga inapanda kila kukicha, na wafanyabiashara wakubwa wanatuhumiwa kuficha bidhaa wakisubiri ipande zaidi. Wanamgambo waliopigana na Waingereza walirudi nyumbani wakakuta watoto hawana mkate. Wilson alikuwa mpinzani wa wazi wa kupanga bei. Tena alikuwa mpinzani wa katiba ya jimbo ya 1776, ambayo iliwapa watu wa kawaida sauti kubwa kuliko katiba nyingine yoyote ya wakati ule. Juu ya yote, alikuwa amewatetea mahakamani watu walioshtakiwa kwa kuwasaidia Waingereza walipoukalia mji. Wawili kati ya hao, Abraham Carlisle na John Roberts, walinyongwa Novemba 1778 licha ya utetezi wake.

Tarehe 4 Oktoba 1779 wanamgambo waliwakamata watu waliowashuku, wakawatembeza mitaani kwa ngoma, msafara ukaelekea kwa Wilson. Ndani alikuwamo yeye na marafiki wenye silaha, Robert Morris akiwa mmoja wao. Nani aliyefyatua kwanza, kila upande ulisema lake. Kapteni Robert Campbell alipigwa risasi akiwa ndani ya nyumba, akafa. Nje nako watu wakaanguka. Mlango ulikuwa unavunjwa pale Joseph Reed, kiongozi wa serikali ya jimbo, alipofika na askari wa farasi akautawanya umati. Wilson akaondoka mjini kwa muda. Baadaye bunge la jimbo likawasamehe wote waliohusika, wa ndani na wa nje.

Nimeyafikiria sana mapigano hayo, na hukumu yangu imegawanyika. Kumtetea mtuhumiwa anayechukiwa ni heshima ya uwakili. John Adams aliwatetea askari wa Kiingereza walioua watu Boston mwaka 1770, na mpaka leo anasifiwa kwa hilo. Wilson anastahili sifa ile ile. Kwenye unga ninaachana naye. Hoja yake kwamba soko likiachwa litajirekebisha lenyewe huenda ingetimia kwa muda mrefu, ila mtoto mwenye njaa hali muda mrefu. Hapa ndipo naona kwa mara ya kwanza kile kitakachojirudia: Wilson anawapenda watu wakiwa wazo, na wakija na miili yao na madai yao anafunga mlango.

Lakini wazo lenyewe lilikuwa kubwa, na majira ya joto ya 1787 alilipigania kuliko mtu yeyote. Katika mkutano wa Philadelphia ulioandika Katiba, mjumbe Gouverneur Morris peke yake ndiye aliyemzidi kwa kusimama kuzungumza. Mzee Franklin, aliyekuwa dhaifu wa mwili, aliandika hotuba zake na Wilson akazisoma kwa niaba yake. Mle chumbani walijaa watu waliowaogopa wananchi. Roger Sherman alisema wananchi wahusike na serikali kwa kiasi kidogo iwezekanavyo. Wilson alijibu kwa mfano wa piramidi: ukitaka jengo lipande juu sana, lazima kitako chake kiwe kipana, na kitako hicho ni watu. Alitaka Baraza la Wawakilishi lichaguliwe na wananchi. Akataka Seneti nayo ichaguliwe na wananchi. Akataka hata rais achaguliwe na wananchi.

Tarehe 1 Juni alipendekeza madaraka ya utendaji yawekwe mikononi mwa mtu mmoja. Kumbukumbu za mjumbe mwenzake James Madison zinaonyesha kwamba baada ya maneno hayo ukumbi ulinyamaza kwa kitambo. Walikuwa wametoka juzi tu kumpiga vita mfalme. Edmund Randolph akasema anaiona humo mimba ya ufalme. Wilson alishikilia kwamba mmoja atawajibika, watatu watasukumiana lawama. Hoja ikapita tarehe 4 Juni. Siku ile ya 1 Juni alisema pia kwamba angependa mtu huyo achaguliwe na watu moja kwa moja, akikiri kwamba wengi wataiona ni ndoto. Tarehe 2 Juni, kwa kuwa alijua ndoto haitapita, alileta njia ya katikati: wananchi wawachague wajumbe katika maeneo yao, na wajumbe hao wamchague rais. Wakaikataa. Tarehe 17 Julai uchaguzi wa moja kwa moja ulipigiwa kura ukashindwa, majimbo 9 kwa 1, na hilo moja ni Pennsylvania. George Mason alisema kumwachia mwananchi amchague rais ni sawa na kumpa kipofu kazi ya kupambanua rangi. Mwishoni mwa mkutano wakarudi kwenye wajumbe, kwa sura tofauti na ile aliyoileta Wilson. Kwa hiyo njia tunayoiona leo, ambayo mwaka 2000 na tena 2016 ilimpa urais mgombea aliyepata kura chache za wananchi, ilianzia kwa mtu ambaye aliitaka kama daraja tu.

Na kwa nini uchaguzi wa moja kwa moja ulishindwa? Dharau ya kina Mason ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine Madison aliitamka wazi tarehe 19 Julai: majimbo ya kusini yangeshindwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya watu wao ni watumwa wasiopiga kura. Kwa njia ya wajumbe, watumwa wangehesabiwa bila kupiga kura, kwa sababu idadi ya wajumbe ilifungwa kwenye idadi ya viti vya bungeni, na viti vilifungwa kwenye tatu ya tano: kila watumwa 5 wahesabiwe kama watu 3.

Aliyeitia hoja ya tatu ya tano mezani tarehe 11 Juni ni James Wilson.

Hapo ndipo pananiumiza katika maisha yake. Kipimo hakukibuni yeye, kilikuwa kimependekezwa na Kongresi mwaka 1783 kwa ajili ya kugawana michango ya fedha. Alichofanya ni kukichukua na kukitumia kugawana uwezo wa kutawala, akiungwa mkono na Charles Pinckney wa South Carolina, ili kusini wabaki kwenye mazungumzo. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Julai, alisimama akasema haoni kanuni iliyo nyuma yake. Watu hawa wanahesabiwa kama raia? Basi mbona si sawa na raia weupe? Wanahesabiwa kama mali? Basi mbona mali nyingine haihesabiwi? Maswali hayo ni mazito kuliko yote yaliyoulizwa juu ya jambo hilo siku ile. Kisha akamalizia kwamba ugumu huo lazima uzidiwe na haja ya kupatana.

Kwa hiyo naomba tusimtetee kwa kusema alikuwa mtu wa zama zake. Mtu wa zama zake asingeuliza maswali yale. Yeye aliyaona, akayataja kwa mdomo wake, akayaruka. Mwenyewe alimiliki mtumwa kwa miaka mingi, hadi alipomwacha huru miaka ya 1790. Na alipokuwa akiwashawishi watu wa Pennsylvania waikubali Katiba, Desemba 1787, alisema kifungu kinachoruhusu kuzuia uingizaji wa watumwa baada ya 1808 kimeweka msingi wa kuufuta utumwa nchini. Tena kesho. Sensa ya kwanza, ya 1790, ilihesabu watumwa karibu 700,000. Ya 1860 ilihesabu karibu milioni 4.

Julai hiyo mkutano uliwateua watu 5 kuandika rasimu: John Rutledge, Edmund Randolph, Oliver Ellsworth, Nathaniel Gorham na Wilson. Karatasi za mwandiko wa Wilson zimehifadhiwa, na humo ndimo yanapoonekana maneno ya kuanzia, “Sisi watu wa majimbo ya...”, yakifuatiwa na majina ya majimbo. Gouverneur Morris baadaye aliyafupisha yakawa “Sisi watu wa Marekani”. Mkenya akifungua Katiba yake ya 2010 anakuta “Sisi, Watu wa Kenya”, na Mtanzania anakuta “Sisi Wananchi wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania”. Maneno yamesafiri mbali. Yalipoandikwa Philadelphia, ndani ya “sisi” hiyo hawakuwamo wengi waliokuwa wakiishi nchi ile.

Katiba ilipita Pennsylvania kwa kura 46 dhidi ya 23, Wilson akiongoza utetezi. Zilipofika sherehe za ushindi huko Carlisle, mji ule ule aliokuwa wakili kijana, wapinzani walikuja na marungu, wakazima sherehe, wakatengeneza sanamu yake na kuichoma moto. Ni mara ya pili wananchi wa kawaida wanamwambia usoni kwamba hawamtaki.

Alitamani kuwa Jaji Mkuu na aliandika barua kumwomba Washington cheo hicho. Washington akamteua John Jay, Wilson akapata ujaji wa kawaida kwa mshahara wa dola 3,500 kwa mwaka. Desemba 1790 alianza mihadhara ya sheria Philadelphia, na rais mwenyewe alihudhuria ufunguzi. Hukumu yake moja yatosha kutajwa. Mwaka 1793, katika kesi ya Chisholm dhidi ya Georgia, jimbo lilishtakiwa kwa kutolipa bidhaa lilizochukua wakati wa vita. Georgia ilisema jimbo ni dola, halishtakiwi. Wilson aliandika kwamba dola ni watu, na jimbo ni chombo chao tu. Kama mtu mwaminifu anabanwa alipe deni lake, kundi la watu waliojiita jimbo litakwepaje? Majaji 4 walikubaliana. Mmoja alikataa: James Iredell wa Edenton. Nchi iliwaka hasira, na mwaka 1795 Marekebisho ya 11 ya Katiba yakaifuta hukumu hiyo.

Jaji aliyeandika hivyo juu ya madeni alikuwa amezama shingoni. Alikuwa rais wa kampuni ya Illinois na Wabash, iliyodai maeneo makubwa yaliyonunuliwa kutoka kwa Wenyeji wa Amerika mwaka 1773 na 1775. Alikuwa na hisa katika ardhi ya Yazoo, ekari milioni 35 hivi ambazo bunge la Georgia, jimbo lile lile alilolihukumu, liliziuza mwaka 1795 kwa dola 500,000 baada ya wabunge kuhongwa; mwaka uliofuata bunge jipya likalifuta dili lote. Hakuna mahali katika hesabu zake walipoandikwa wakazi wa ardhi hizo kama watu wenye ridhaa ya kutafutwa. Sisemi kwamba alikuwa mwizi. Naamini alidhani kwa dhati kwamba anajenga. Aliandika hata mpango wa kuwaleta wahamiaji na mitaji kutoka Ulaya, watu watulie, mashamba yafunguke, kila mkopeshaji alipwe. Ilibaki wahamiaji tu kufika.

Hawakufika kwa wakati. Vita vya Ulaya vilikausha mikopo, na mwaka 1796 na 1797 soko la ardhi likaanguka. Robert Morris, tajiri aliyejifungia na Wilson katika nyumba ile mwaka 1779, alitiwa jela ya wadeni. Dawa ya deni ni kulipa, lakini dawa ya Wilson siku zote ilikuwa deni jingine, na sasa hakupatikana wa kulitoa. Mwaka 1797 alikamatwa Burlington, New Jersey. Mwanawe Bird akahangaika mpaka akatolewa. Akakimbilia kusini, Edenton, na huko akakamatwa tena. Safari hii mdai alikuwa Pierce Butler wa South Carolina, mwenzake wa mkutano wa 1787, mtu aliyesukuma kifungu cha kurudishwa kwa watumwa watoro. Deni lilikaribia dola 200,000, mshahara wa ujaji wa zaidi ya miaka 50.

Aliyempokea Edenton ni Iredell, yule jaji wa kura ya upinzani. Hakumfungia mlango. Wilson alipokufa alizikwa katika shamba la ukoo wa Johnston, wakwe wa Iredell, na Iredell mwenyewe akafariki mwaka uliofuata.

Mwaka 1823 Mahakama ya Juu, ile aliyoitumikia, ilitupilia mbali madai ya kampuni ya Illinois na Wabash, na katika kufanya hivyo ikaamua kwamba Wenyeji wana haki ya kukaa juu ya ardhi yao tu, si ya kuiuza kwa wampendaye. Hukumu hiyo imewaumiza Wenyeji mpaka leo, na mzizi wake mmoja uko kwenye biashara ya Wilson.

Mwaka 1906 mifupa yake ilifukuliwa ikarudishwa Philadelphia, ikazikwa katika uwanja wa Christ Church kwa heshima zote za taifa. Miaka 7 baadaye, 1913, Marekebisho ya 17 yaliwapa wananchi haki ya kuwachagua maseneta wao moja kwa moja, kama alivyotaka yeye tangu 1787. La rais bado wanalijadili.